Maryse Escourrou na Nyasi za Mrututu

Uwanja wetu wa raga wa Villefaure, kusini mwa Ufaransa, ulikuwa chini ya Maryse Escourrou, na mtu akikatiza katikati yake badala ya kuzunguka, alikuwa amejitafutia balaa. Mwanamke wa miaka sitini na sita, mfupi, mikono mipana ya mkata mizabibu, na sauti ambayo refa mmoja aliwahi kuiorodhesha kwenye ripoti yake pamoja na vitu vilivyorushwa uwanjani. Alirithi vitu vinne kwa marehemu mumewe, Gaston: kazi ya kutunza uwanja, hekta nne za mizabibu, mgongo mbovu wa kuihudumia hiyo mizabibu, na mtoto mmoja, Cédric. Watu walisema alivipenda kwa mpangilio huohuo. Mimi jirani yake nasema si kweli, mgongo hakuupenda hata kidogo.

Kwetu tunacheza raga ya watu kumi na watatu. Ile ya watu kumi na tano ipo, hatukatai, kama tusivyokataa kwamba kupe wapo. Wao ndio walionenepa mwaka 1941, serikali ya wakati wa vita ilipoufuta mchezo wetu na kutwaa mali zake. Babu yake Maryse aliiwahi milingoti ya goli, akaing'oa, akailaza chini ya mapipa ya mvinyo, na askari walipokuja akawaambia ni mbao za kuzuia mapipa yasibingirike. Milingoti hiyo imesimama mpaka leo, imeinama kidogo kushoto, na Maryse aliipaka rangi kila Pasaka. Nyumbani kwao ile namba, kumi na tano, haikutamkwa. Nilimsikia kwa masikio yangu sokoni akiomba mayai kumi na manne na moja.

Sasa, aliye na hela katika mchezo wetu ni Mwingereza. Ligi ya kulipwa ni yake, anaicheza kiangazi wakati watu wenye akili wamelala kivulini. Perpignan waliingia huko zamani, Toulouse nao wamekuwa wakihangaika wapande daraja, kisha wabaki huko. Sisi wa mabondeni tunacheza baridi ikiwa kali, tena na wachezaji ambao mchana ni mafundi bomba na madereva wa trekta. Kijana akianza kuiva tu, anachumwa na mwingine. Basi majira ya kuchipua mwaka juzi ikavuma kwamba Waingereza wanatafuta klabu moja zaidi ya Kifaransa, na mwenyekiti wetu Bonnafous, mwenye duka la dawa, akaandika barua ya maombi yenye kurasa arobaini. Nilizisoma. Kwa mujibu wa zile kurasa, Villefaure ilikuwa na uwanja wa ndege.

Cédric ndiye alikuwa nahodha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na aliwahi kucheza msimu mmoja Uingereza, akarudi na Kiingereza na pua iliyopinda. Mwezi wa Mei alipata barua kutoka klabu moja kubwa ya pwani, ya wale wa ile namba. Aliiweka mezani kwa mama yake baada ya supu, kabla ya jibini.

"Mama, mguu huu una miaka mitano tu iliyobaki," alimwambia. "Waingereza wakitukubali, nabaki hapa. Wakitukataa, naenda pwani. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Septemba."

Maryse alisukuma kiti nyuma. Alinyanyuka, akachukua jibini, akairudisha kabatini. Kwetu sisi hiyo ni adhabu ya mtu aliyetukana marehemu.

Kesho yake alikuja kwangu akakaa kwenye ngazi, akaniambia wazi, macho makavu, kwamba mwanawe akivaa jezi ya wale watu yeye hatakuwa na uso wa kupita mbele ya ile milingoti. Lakini alichoongeza baadaye, kwa sauti ya chini, ndicho kilichonishika. Alisema nyumba ile ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Toka siku hiyo nikajua kwamba maombi ya Bonnafous hayakuwa mambo ya klabu tena.

Waingereza walijibu kwamba watamtuma mkaguzi tarehe ishirini Agosti, na kwamba jambo la kwanza kutazamwa litakuwa nyasi.

Hapo ndipo mbingu ilipofunga. Toka mwanzoni mwa Juni halikudondoka tone. Julai kila mji bondeni ulipigwa marufuku kumwagilia bustani na viwanja. Maryse alibeba maji aliyooshea viazi, akabeba maji aliyooshea vyombo, akapita nyumba kwa nyumba akiomba maji waliyoogeshea watoto, akawa anayamwaga kwa kopo, mita moja leo, mita moja kesho. Kufikia katikati ya Agosti uwanja wetu ulikuwa na rangi ya mkate. Ukikanyaga, unalia kama biskuti. Bonnafous alikuja akautazama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema labda Mwingereza haoni vizuri.

Ni lazima niseme kitu kuhusu mimi. Naitwa Yvon Cathala, nina mizabibu kiasi, nina trekta lenye pampu ya kupulizia dawa, na nina mashine ya kuvunia zabibu ambayo nusu ya kijiji huikodi. Maryse hakuwahi kuniruhusu niipitishe kwake, ingawa mizabibu yake imefungwa kwenye nyaya vizuri, tayari kwa mashine. Ilipandwa na Gaston, mche kwa mche, na yeye aliapa itavunwa kwa mkono mpaka afe. Lile dude langu, alisema, linachuma zabibu kama mlevi anavyovua viatu. Linameza majani, konokono na heshima ya mtu. Miaka kumi na minne mfululizo, kila Septemba nilisimama ng'ambo ya ua nikimwangalia yeye na Cédric na wapwa wawili wakivuna kwa mikasi, Cédric, tangu alipokomaa na ukiondoa ule msimu wa Uingereza, akiwa na kile kikapu kikubwa cha mgongoni chenye kilo sitini za zabibu, nami nikiwa nimeshamaliza kazi yangu na kuoga.

Kwa hiyo aliponijia asubuhi ya tarehe kumi na tisa akitaka pampu yangu, nilidhani hatimaye ameanza kuniheshimu.

Hakuwa na hilo. Mtu yeyote wa shamba la mizabibu anajua dawa mbili: mrututu, ambao ni bluu na hupakwa dhidi ya ukungu, na unga wa salfa, ambao ni wa manjano. Kila tunachomiliki bondeni kina madoa ya mojawapo, kuanzia suruali mpaka mbwa. Maryse alikuwa amekaa jikoni akitazama aproni yake, mahali ambapo hayo madoa mawili yalikutana. Palikuwa na kijani kizuri sana.

Nilimwuliza kama mrututu mwingi namna ile hautaziua nyasi.

"Zimekufa, Yvon," alisema. "Utaziua mara ngapi?"

Tuliianza kazi kesho yake jua linachomoza, mimi juu ya trekta nikimwaga mrututu, yeye nyuma yangu na mfuko wa salfa begani, akinyunyiza kama anayelisha kuku. Mkaguzi angefika saa sita mchana. Saa tatu tulipanda jukwaani kutazama. Kwa kweli, toka jukwaani ilipendeza. Ilikuwa kijani cha vitabuni. Ukiwa karibu ilifanana na jibini iliyoota ukungu, lakini Maryse alisema hakuna haja ya mtu kuwa karibu, kazi yetu ni kumweka Mwingereza mbali na nyasi na karibu na chakula.

Mwingereza aliitwa Barry Ogden. Alikuwa mpana kama mlango wa ghala, masikio yamekunjamana kwa miaka ya kusukumana na watu, shati jeupe, soksi nyeupe, kitabu kidogo cha kuandikia. Hakujua neno la lugha yetu, kwa hiyo Cédric akawa mkalimani. Tukamkalisha mezani palepale chini ya miti, joto nyuzi thelathini na nane, tukamletea chungu cha maharage yaliyopikwa na soseji na paja la bata, chakula ambacho hata sisi hatukigusi kabla ya Novemba. Akala sahani mbili. Akaulizwa kama anataka ya tatu, na kabla Cédric hajatafsiri jibu, sahani ilikuwa imejaa. Mpango ulikuwa kwamba baada ya hapo hataweza kusimama.

Akasimama. Akafuta mdomo na kusema twende tukauone uwanja.

Na upepo nao ukachagua saa hiyohiyo. Upepo wetu unaitwa Cers, unatoka magharibi, hauombi ruhusa. Ulikuwa umetulia siku sita. Tulipofika katikati ya uwanja, Bonnafous ametoa karatasi zake na kuanza hotuba ya 1941, nikaona wingu dogo la manjano linanyanyuka karibu na bendera ya kona, linakuja kwetu polepole kama mgeni asiye na haraka.

Aliyewahi kuingiwa na salfa machoni hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi asiombe. Bonnafous alikuwa anasoma habari za babu yake Maryse na mapipa. Mwingereza akaanza kutokwa na machozi. Bonnafous alipoyaona alishikwa na hisia, naye akalia, ingawa yeye machozi yake nusu yalikuwa ya kweli. Cédric analia huku anatafsiri. Mimi nalia. Mstari mzima wa wazee wa kamati, kofia mkononi, wanalia kwa ajili ya milingoti miwili. Nadhani hakuna mazishi ya Villefaure yaliyowahi kufanikiwa kiasi kile.

Ogden akataka kupangusa uso. Leso ikamponyoka, ikapeperuka, akapiga goti moja kuiokota, akaweka kiganja chini ili ajiinue. Alipoinuka, kiganja kilikuwa cha kijani. Goti la kijani. Soksi, ambazo nilikuwa nimezihofia toka mwanzo, zilikuwa za bluu mpaka kwenye kifundo.

Akatazama kiganja. Akakinusa. Mimi nilikuwa nikipima umbali wa kufika kwenye trekta.

Maryse ndiye aliyesogea mbele. Alikuwa na kila sababu ya kudanganya, maana hapo palikuwa na mwanawe, nyumba kubwa na miaka yake yote iliyobaki. Lakini mtu hawezi kukaa miaka kumi na minne akichora mistari iliyonyooka kisha akaja kupinda mbele ya mgeni.

"Mwambie zimekufa," alimwambia Cédric. "Mwambie zimekufa toka Julai, na mimi ndiye nimezipaka dawa ya mizabibu, na Yvon kaendesha trekta tu. Mwambie uwanja huu Machi ni mzuri kuliko wowote alio nao kwao."

Cédric alimtazama mama yake kidogo, kisha akatafsiri. Mwingereza alisikiliza mpaka mwisho. Halafu kile kifua kikaanza kutikisika. Alisema, kwa maneno aliyotufikishia Cédric, kwamba uwanja wake wa kwanza utotoni ulikuwa juu ya lundo la majivu ya mgodi wa makaa, na kwamba mwaka mmoja, wachezaji watano wakiwa wagonjwa, waliyapaka majivu chokaa ili refa adhani ni theluji na kuahirisha mechi. Akampa Maryse mkono wake wa kijani. Maryse akaupokea, na nikadhani tumeshinda.

Tukarudi kivulini. Ogden akauliza maswali machache ya viti na taa, Bonnafous akayajibu kwa ufundi wa mtu aliyezoea kusoma maandishi ya madaktari. Likabaki la mwisho. Mechi kubwa za ligi, za kuamua bingwa, huchezwa Septemba. Je, timu itakuwepo? Bonnafous akasema hakuna tatizo kabisa, tena akapiga meza. Mwingereza hakuliandika hilo jibu. Akamgeukia Cédric na kumwuliza yeye mwenyewe, moja kwa moja, Kiingereza kwa Kiingereza.

Cédric akatazama mlimani. Kisha akaongea, kirefu. Ogden akauliza kitu kingine, kifupi. Cédric akatikisa kichwa. Mwingereza akaandika, akafunga kitabu, akamshika bega.

Maryse akauliza amemwambia nini.

"Nimemwambia Septemba kuna joto," Cédric alijibu.

Sote tulijua ni uongo, masikio yake yalikuwa mekundu. Na Maryse akajumlisha mambo kama ambavyo mama yeyote angejumlisha: mtoto ameiua klabu kwa mkono wake mwenyewe, mbele yetu, ili apate njia ya kwenda pwani. Hakumgombeza. Angemgombeza ningelala salama. Aliacha kuongea naye. Kwa wiki tatu alizungumza na mbwa. "Mwambie huyo supu iko tayari," anamwambia mbwa. "Mwulize huyo kama viatu vyake vitabaki mlangoni mpaka vizae." Na Cédric, kichwa kigumu kama mama yake, anamjibu mbwa.

Barua ilifika tarehe tisa Septemba, siku ya pili ya mavuno. Bonnafous alikuja nayo shambani kwa Maryse mbio, na koti lake jeupe la dukani, akijikwaa kati ya mistari. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo hakujua amebeba nini. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua na mashine yangu, nikazima injini, nikavuka. Cédric akashusha kikapu, akafuta mikono kwenye suruali, akasoma.

Hapana. Tulikataliwa. Viti vichache, taa hafifu, na uwanja wa ndege uliotajwa ukurasa wa kumi na mbili haukupatikana. Kuhusu nyasi, walisema hawana malalamiko. Cédric akakunja karatasi.

Maryse hakuinua kichwa kutoka kwenye mzabibu. Mikasi ikaendelea kulia. Kisha, kwa mara ya kwanza toka Agosti, akaongea naye bila kumpitia mbwa.

"Kuna ukurasa wa pili."

"Ni saini tu, Mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Saini haijazi ukurasa. Soma."

Akaikunjua. Alisoma kwa sauti ya mtu anayeungama mbele ya foleni. Ogden aliandika kwamba viti hujengwa na taa hununuliwa, hayo hayakuwazuia. Kilichowazuia ni Septemba. Alimwuliza nahodha kama atacheza mwezi huo, na nahodha akajibu kwamba hawezi, kwa sababu mama yake ana hekta nne, anazivuna kwa mkono kwa kuwa marehemu baba ndiye aliyezipanda, na mgongo wake hauwezi kubeba kikapu. Akamwuliza kama mshahara kamili wa mchezaji ungebadilisha jambo. Nahodha akasema hapana, kikapu ni chake. Klabu isiyo na nahodha Septemba, aliandika Ogden, hatuwezi kuichukua mwaka huu. Chini yake, kwa mwandiko wa mkono, aliongeza kwamba soksi zimegoma kutakata, na kwamba yeye naye amempigia simu mama yake mwenyewe.

Upepo ulikuwa umelala. Nilisikia injini yangu ikipoa ng'ambo ya ua.

Maryse aliigeuza ndoo, akaikalia. "Na wale wengine?" aliuliza. "Wale wa kumi na wanne na mmoja?"

"Nao wanaanza Septemba, Mama. Nimewaandikia wiki iliyopita kwamba siendi."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unaongea na mbwa."

Akalia. Nimemjua toka tukiwa shule ya msingi, nilikuwa naye siku tuliyomzika Gaston, na sikuwahi kumwona akilia waziwazi kiasi kile, na safari hii hapakuwa na salfa ya kusingizia. Bonnafous akaanza kusifu zabibu. Mimi nilitazama viatu vyangu, na sioni aibu kusema kwamba sikuviona vizuri.

Alipomaliza alijifuta kwa ile aproni yenye madoa, akabaki na kijani shavuni.

"Bonnafous, waandikie," alisema. "Mwakani waje tena. Nahodha atakuwepo Septemba yote." Kisha bila kunitazama, macho yake kwenye mizabibu ya Gaston, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho: "Yvon. Lile dude lako. Linapita hapa katikati?"

Nilisema linapita.

"Na konokono?"

"Nitatangulia mbele niwaokote kwa mkono," nilimwambia, "mmoja mmoja."

Cédric akafungua mdomo. Mama yake akamwelekezea mikasi.

"Wewe beba kikapu," alisema. "Mwaka huu bado ni chako, na zabibu zinapata moto."